Kubanwa na Kurejea: Nitridi za Fosforasi Zikitazamwa Kutoka Mpanda

Msafiri anayeshuka Mpanda mjini baina ya Oktoba na Desemba, wakati mawingu ya mvua za kwanza yanapojikusanya upande wa Ziwa Tanganyika na wakulima wa mahindi, tumbaku na alizeti wanapohesabu fedha zao mara mbili kabla ya kuvuka kizingiti cha duka, hakosi kuona katika maduka ya pembejeo mifuko miwili ya kilo 50 imesimama bega kwa bega, mmoja wa punje za kijivu na wa pili wa punje nyeupe mithili ya chumvi ya mawe. "Hii DAP ya kupandia, mzee wangu, na hii yurea ya kukuzia, ukizigeuza shambani usije ukanilaumu mimi," aliniambia mama mmoja mwenye duka, huku akinifungulia mfuko wa kwanza ili nione kwa macho yangu kwamba mali haikuloa. Nilichota punje chache kiganjani, nikazitazama kwa muda mrefu kuliko desturi ya mnunuzi, hata mama yule akadhani kwamba nina shaka na bidhaa yake; wala sikuwa na shaka yoyote, ila nilikuwa nikiwaza juu ya majirani wawili wanaokaa ndani ya kila punje bila ya kugusana.

Majirani hao ni naitrojeni na fosforasi. Juu ya mfuko huandikwa 18 na 46, yaani katika kila kilo 100 za mbolea hiyo naitrojeni ni kilo 18, na fosforasi, kwa hisabu ya zamani ya kuipima kama oksaidi, ni 46. Aliyezoea kusikia kwamba vitu hivyo viwili ndivyo chakula cha mmea anaweza kudhani kwamba vimeungana humo kama mume na mke, kumbe sivyo: fosforasi imezungukwa na oksijeni nne zilizoishika pande zote, naitrojeni imezungukwa na haidrojeni zake, na kila mmoja yumo katika ua wake, wakisikilizana kwa mbali kwa mvuto wa umeme tu. Sasa, je, huwaje tukiziondoa oksijeni na haidrojeni hizo, tukabaki na fosforasi na naitrojeni peke yao, tukazilazimisha kushikana mkono kwa mkono? Hapo ndipo panapozaliwa nitridi za fosforasi, na swali lake limewashughulisha wanakemia tangu mwaka 1903 hata leo. Mimi ninalitazama swali hilo kutoka Mpanda kwa sababu moja ambayo si ya mapenzi ya kwetu tu, nayo ni kwamba mji huu umekaa juu ya miamba iliyowahi kubanwa kwa nguvu ya ajabu na kisha ikarudi juu kusimulia. Na kwa rai yangu, uzito wa jambo hili lote haumo katika kile kinachoweza kuundwa penye shinikizo, bali katika kile kinachokubali kuishi baada ya shinikizo kuondolewa.

Tabia za hao wawili zinatofautiana mno. Fosforasi ilipatikana mara ya kwanza mwaka 1669 mjini Hamburg na Hennig Brand, mtu aliyekuwa akitafuta dhahabu katika mkojo uliochemshwa hadi kukauka, akaambulia kitu cheupe kinachong'aa gizani na kuwaka moto chenyewe kikiachwa hewani. Naitrojeni, kwa upande wake, ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta na kuitoa bila ya kuitumia, kwa maana atomi zake hutembea mbili mbili zikiwa zimefungana kwa vifungo vitatu, na muungano huo ni miongoni mwa iliyo migumu kuvunjwa katika kemia nzima. Mmoja basi ni mwepesi wa hasira, wa pili hashughuliki na mtu. Na anayetaka kuwaoza sharti amtulize wa kwanza na kumwamsha wa pili kwa wakati mmoja. Angani, katika mawingu ya gesi baina ya nyota, atomi moja ya fosforasi na moja ya naitrojeni hukutana na kushikana, na molekuli hiyo iligunduliwa huko mwaka 1987. Lakini ni mkutano wa upwekeni, mahali ambapo hakuna wa tatu wa kuingilia. Hapa duniani wa tatu yupo siku zote, naye ni oksijeni.

Mwaka 1903 Alfred Stock na mwenzake Hoffmann, huko Ujerumani, walifanikiwa kuunda unga wenye fosforasi tatu kwa kila naitrojeni tano, kwa kupitisha amonia juu ya kiwanja cha fosforasi na salfa. Kazi yao ilikuwa safi, lakini iliacha nyuma fumbo lililodumu zaidi ya miaka tisini, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema atomi hizo zimepangwaje. Unga ule hauyeyuki katika kimiminika chochote cha kawaida. Ukiutia moto ili uyeyuke na kujenga fuwele kubwa wakati wa kupoa, hauyeyuki, bali huachia naitrojeni yake ikapaa na kurudi hewani. Na pasipo fuwele, miale ya eksirei haina kitu cha kusoma, sawasawa na msomaji aliyepewa herufi zilizomwagwa mezani badala ya kitabu. Ilikuwa mwaka 1997 ndipo Wolfgang Schnick na wenzake walipotoa sura kamili ya nitridi hiyo, ile inayoitwa alfa, baada ya kuipika kwa njia ya taratibu zaidi: kloridi ya amoniamu na kiwanja cha pete chenye fosforasi, naitrojeni na klorini, pamoja ndani ya chombo cha kioo kilichozibwa, kwa joto la nyuzi mia saba na zaidi, hata klorini yote ikatoka pamoja na haidrojeni ikiwa asidi, na wale wawili wakabaki peke yao.

Hapa inafaa tusimame kidogo tufanye hisabu, maana ni hisabu ndogo ambayo mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifuata, nayo ndiyo ufunguo wa yote yatakayofuata. Katika alfa kila fosforasi ina naitrojeni nne za kushikana nazo, zimekaa kama ncha nne za piramidi yenye kitako cha pembe tatu. Fosforasi ni tatu, mikono ni minne kwa kila moja, jumla mikono 12. Naitrojeni zilizopo ni tano tu za kuipokea mikono hiyo 12. Haigawanyiki sawa. Kwa hiyo naitrojeni tatu hupokea mikono miwili miwili, na mbili hupokea mitatu mitatu, ikatimia 12. Nyumba inayojengwa kwa namna hiyo ina uwazi mwingi ndani yake, vyumba na ushoroba, na penye uwazi ndipo shinikizo linapopata pa kuingilia.

Neno shinikizo lisitupite kwa wepesi, kwa kuwa viwango vyake viko baidi sana na mazoea yetu. Mvuvi wa Karema anayetupa wavu wake hajui uzito ulioko chini ya mtumbwi. Lau angeweza kushuka hadi kwenye kina cha mwisho cha Ziwa Tanganyika, mita 1,470, angebanwa na uzito wa takriban mara 145 ya ule wa hewa. Hilo kwa mwanadamu ni mauti, lakini kwa kemia tunayoizungumza ni kama mtoto kuegemea mlango. Kipimo cha wanakemia ni gigapaskali, na gigapaskali moja ni takriban mara 10,000 ya uzito wa hewa. Almasi za Mwadui, ambazo Williamson alizifikia mwaka 1940 na kuliweka jina la Shinyanga katika masoko ya vito ya dunia, zilizaliwa kwenye kina cha zaidi ya kilomita 150, ambako shinikizo linakaribia gigapaskali tano. Na baina ya ziwa na Mwadui, kwa kipimo cha shinikizo wala si cha barabara, ndipo ilipo miamba ya Ubende.

Ukanda wa Ubende umechukua jina lake kwa Wabende, wenyeji wa milima iliyo baina ya Mpanda na ziwa, nao unateremka kutoka huko kupita Ufipa hadi kuelekea Mbeya. Serikali ya kikoloni iliutazama kwa jicho la mfanyabiashara: reli ya tawi kutoka Kaliua, kilomita 210 za pori la miombo, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya risasi ya machimbo ya Uruwira, na machimbo yalipofungwa reli ikabaki kuchukua abiria, mahindi na asali. Hata leo, mkoa wa Katavi uliozaliwa mwaka 2012 husikika kwa dhahabu ya wachimbaji wadogo na kwa viboko wanaosongamana katika matope ya mto Katuma wakati wa kiangazi. Lakini mna humo hazina ya namna nyingine, isiyopimwa kwa mizani ya sonara. Mwaka 2012 Nelson Boniface wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Volker Schenk na Peter Appel wa Kiel, walichapisha ithibati kwamba katika ukanda huu mna eklojaiti zilizobanwa takriban miaka milioni 1,890 hadi 1,860 iliyopita, na kwamba mawe hayo kwa asili yake yalikuwa sakafu ya bahari. Ni miongoni mwa eklojaiti kongwe zinazojulikana duniani. Bahari ilikuwapo basi hapa petu, ikafungwa, na sakafu yake ikasukumwa chini ya bara.

Eklojaiti ni jiwe la kushikwa, si la kusimuliwa. Ukilitia kiganjani kwanza hukushtua kwa uzito, maana limezidi uzito wa jiwe la kawaida la ukubwa uleule. Kisha, ukililowesha kwa mate au maji, huonekana kijani kilichokolea chenye madoa mekundu ya ganeti kama punje za mtama mwekundu katika mboga. Si ajabu ya rangi tu. Jiwe hilo lina elementi zilezile za jiwe jeusi la volkano lililokuwa kabla yake, hakuna kilichoongezwa na kilichopungua ni kidogo. Kilichobadilika ni mpango. Kwa kawaida huhitaji zaidi ya gigapaskali 1.2, yaani kina cha kilomita 45 na kuendelea, ili madini mepesi yenye nafasi nyingi yakubali kubomoa nyumba zao na kujenga zilizobanana zaidi. Lakini litazame sasa kwa kioo cha kukuzia, pale kwenye ukingo wa ganeti: utaona pete nyembamba ya kijivu, mchanganyiko wa vijichembe vya madini vilivyosukana kama nyuzi za mkeka. Hiyo ndiyo alama ya safari ya kurudi. Jiwe lilipopanda, shinikizo likapungua, nalo likaanza kujirudisha katika hali ya zamani. Likaanza, halikumaliza, kwa sababu lilipoa kabla ya kumaliza. Mawe mengi ya Ubende yalimaliza kabisa na hayana tena cha kueleza. Machache yamebaki na kiini kisichorudi, na kwa hayo machache ndipo tunapojua habari za bahari.

Nitamwomba msomaji aihifadhi pete hiyo ya kijivu akilini.

Mtu wa kwanza kumbana fosforasi na kupata kitu cha kudumu alikuwa Percy Bridgman wa Marekani, ambaye mwaka 1914 aliichukua fosforasi nyeupe, ileile yenye kuwaka hewani, akaipa gigapaskali 1.2 na joto la nyuzi 200, akatoa kitu cheusi, kizito, kinachopitisha umeme, wala hakiwaki. Angalieni tarakimu hiyo: ni sawasawa na mlango wa kuingilia eneo la eklojaiti. Bridgman alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1946, na wanafunzi wa njia yake wakazidi kuongeza nguvu za mitambo. Fosforasi nyeusi iliporudi mezani haikugeuka kuwa nyeupe. Ilikaa.

Kwa nitridi, shinikizo lina kazi mbili, na waandishi wengi huitaja ya pili na kuisahau ya kwanza. Kazi ya kwanza ni ya kifuniko cha sufuria: maadamu nitridi ikipata moto huachia naitrojeni, kuibana ni kumzuia naitrojeni asitoke, ili joto lipate wasaa wa kupanga atomi badala ya kuzitawanya. Kazi ya pili ni ya kinu cha kukamulia alizeti, yaani kuuondoa uwazi. Pasipo kazi ya kwanza, ya pili haina kitu cha kukamua. Mwaka 2001 Landskron, Huppertz, Senker na Schnick walitumia mtambo wa fuawe nyingi, ambamo vichwa vya kabidi ya tangsteni husukumwa pamoja kutoka pande zote kukizunguka kidonge kidogo, wakaipa alfa gigapaskali 11 na joto la nyuzi 1,500. Ikatoka gama. Fosforasi moja katika tatu ilibaki na naitrojeni nne, na mbili zikapata naitrojeni ya tano, zikakaa katika umbo la piramidi yenye kitako cha mraba. Turudi kwenye hisabu yetu: nne na tano na tano ni 14, na naitrojeni tano zikaipokea mikono hiyo 14 kwa nne kati yao kuchukua mitatu mitatu na moja kubaki na miwili. Na gama ilipotolewa mtamboni ilibaki kuwa gama, ikasafirishwa, ikapimwa, ikapigwa picha kwa utulivu.

Kuna jambo katika mabadiliko haya linalomshangaza kila anayelikuta mara ya kwanza, nami nakiri lilinishinda kwa siku kadhaa. Mtu angedhani kwamba kitu kikibanwa, kila atomi husogea karibu zaidi na mwenzake. Kumbe fosforasi inapopata jirani wa tano, na zaidi anapokuja wa sita, umbali wake na kila jirani huongezeka. Jiwe limekuwa zito zaidi na mikono imekuwa mirefu zaidi! Fumbo hufumbuka ukikumbuka wageni katika chumba kimoja: wanne huweza kukaa karibu sana na mwenyeji, lakini wakiingizwa sita sharti kila mmoja asogee nyuma kidogo ili bega lisimuumize mwenzake, hata hivyo, chumba chenye sita kimejaa kuliko chenye wanne. Shinikizo halitazami urefu wa mkono, hutazama nafasi iliyobaki wazi. Ndiyo sababu kwatzi, lile jiwe jeupe ambalo wachimbaji wa Mpanda hulisaga katika makarasha yao mchana kutwa wakitafuta chembe ya dhahabu, lina silikoni yenye oksijeni nne, lakini likibanwa kupita gigapaskali nane au tisa hugeuka kuwa stishovaiti, silikoni ikachukua sita. Fosforasi ni jirani wa silikoni katika jedwali la elementi, na wanakemia waliuliza, kwa haki: kama silikoni ameweza sita na oksijeni, kwa nini fosforasi asiweze sita na naitrojeni?

Mwaka 2002 Kroll na Schnick walilijibu swali hilo kwa hisabati pasipo tanuri. Walikadiria kwamba baada ya gama ingekuja delta, na wakaichagulia sura ya kianaiti, jiwe la buluu ambalo wauza vito wa Tanzania wanalijua vizuri na ambalo kwa wanajiolojia ni shahidi wa shinikizo. Katika sura hiyo fosforasi mbili zingekuwa na naitrojeni sita na moja ingebaki na nne. Ilikuwa rai nzuri, yenye hoja. Lakini ilipita miaka 20 kabla ya fuawe kutoa hukumu, na katikati, mwaka 2020, fosforasi yenye naitrojeni sita ilikwisha kuonekana katika kiwanja chenye berili. Iliyokuwa bado ni nitridi tupu, ya wawili wasio na wa tatu.

Nimetumia neno fuawe, na nimelitumia kwa makusudi, maana sioni haja ya kukopa jina jipya wakati wahunzi wa pwani na wa bara walikuwa nalo tangu zamani. Jirani zetu wa Ufipa walijenga malungu, matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, wakageuza udongo mwekundu kuwa chuma kwa moto na upepo wa asili, na magofu ya matanuri hayo bado yamesimama katika nyika zao. Wao waligeuza mawe kwa moto, na fuawe ikaja baadaye, kwa kutengeneza jembe. Katika maabara ya leo mambo yamegeuka: fuawe yenyewe ndiyo tanuri. Almasi mbili zilizochongwa huelekezwa ncha kwa ncha, na ncha hizo, ambazo kwa kazi ya shinikizo kubwa zaidi ni nyembamba kuliko sehemu ya kumi ya milimita, hubana bamba la reniamu lenye kitundu. Kitunduni huwekwa chembe ya fosforasi, kisha naitrojeni hujazwa kwa nguvu hadi ikazunguka chembe ile kila upande. Skrubu hukazwa. Kwa kuwa almasi hupitisha mwanga, miale ya leza hupigwa kupitia ndani yake ikaipasha chembe joto la maelfu ya nyuzi, huku almasi zenyewe zikibaki nzima. Na kwa kuwa almasi hupitisha pia eksirei, miale mikali kutoka mashine za sinkrotroni husoma kilichoundwa hapohapo kilipo, bado kimebanwa. Mojawapo ya mashine hizo iko Hamburg, mji uleule wa Brand na mkojo wake.

Kwa njia hiyo Dominique Laniel na wenzake, baadhi yao wa Bayreuth na Schnick mwenyewe miongoni mwao, walitangaza mwaka 2022 kwamba wameipata delta kwenye zaidi ya gigapaskali 72. Kwa kipimo cha ardhi, hiyo ni kama kina cha kilomita 1,700, mbali chini ya mizizi ya Ubende na ya Mwadui pia. Fosforasi zote tatu zimechukua naitrojeni sita sita katika umbo la pande nane, si mbili tu kama hisabati ilivyokuwa imebashiri. Mikono sasa ni 18, na naitrojeni tano zinaipokea kwa wastani wa mitatu na zaidi ya nusu kila moja. Wakaendelea kukaza. Walipopita gigapaskali 134, ambako ni sawa na mpaka wa kiini cha dunia, ikazaliwa nitridi nyingine, yenye fosforasi moja kwa naitrojeni mbili, na sura yake si ngeni kwa mchimbaji yeyote wa Katavi: ni sura ya pairaiti, lile jiwe la manjano linalong'aa ambalo limewahi kumfanya mgeni machimboni apige kelele za furaha na wenyeji wamcheke. Katika pairaiti salfa hukaa mbili mbili zikishikana. Katika nitridi hii naitrojeni ndizo zilizoshikana mbili mbili, lakini kwa kifungo kimoja badala ya vitatu, jambo ambalo naitrojeni ya hewani hukataa asilani katika hali ya kawaida.

Hapo ndipo magazeti ya sayansi yalipoanza kusema juu ya vifaa vya kuhifadhi nguvu nyingi, kwa kuwa naitrojeni iliyolazimishwa kuwa na kifungo kimoja ikiachiwa hurudi kwenye vitatu kwa kishindo. Sikatai hesabu yao. Lakini nguvu iliyomo katika kitu kisichotoka mtamboni ni sawa na asali iliyomo mzingani juu ya mti usiopandika, na aliyewahi kwenda kurina asali katika miombo ya Mpanda ataniunga mkono. Jambo lililonivutia mimi ni lile ambalo taarifa zile zililitaja kwa utulivu zaidi: shinikizo lilipofunguliwa polepole, delta ilivumilia hadi chini ya gigapaskali saba, kisha ikavunjika. Ingetazamiwa irudi kuwa alfa, nyumba ya kale yenye uwazi, au walau gama. Haikurudi huko wala huko. Iligeuka kuwa kitu cha nne ambacho hakikuwahi kuonekana, kikapewa jina la alfa yenye alama, ambamo fosforasi zimerudi kwenye naitrojeni nne lakini piramidi zake zimepindika na mpango wake ni mwingine. Na kitu hicho, ijapokuwa kwa hisabu ya nguvu kiko juu sana kuliko alfa ya kawaida na kwa hivyo hakikustahili kuwapo, kimebaki kizima katika hewa ya kawaida.

Hiyo ni pete ya kijivu kwenye ukingo wa ganeti. Njia ya kushuka si njia ya kupanda. Atomi zilizobanwa sita sita zinapopewa ruhusa ya kurudi kwenye nne, bila ya moto wa kuzipa mwendo, hazina uwezo wa kuvunja kila kitu na kuanza upya. Huchukua mlango ulio karibu, hata kama mlango huo unaelekea chumba kisicho chao. Kwa hiyo, anayetaka kuunda kitu kipya kwa shinikizo hana njia moja, ana mbili: kile kinachozaliwa anapokaza, na kile kinachozaliwa anapofungua. Kwa miaka karibu mia wanakemia waliihesabu ya pili kuwa hasara. Wanajiolojia, ambao hawana kingine cha kusoma ila mawe yaliyokwisha kurudi, waliiheshimu tangu mwanzo.

Huenda mtu akauliza kwa nini dunia yenyewe, yenye shinikizo la bure na muda usio na kikomo, haikutuundia nitridi hizi tukazichimba. Jibu limo katika mfuko wa mama wa duka. Karibu fosforasi yote ya miamba yetu, pamoja na ile ya Minjingu kule Manyara inayosagwa kuwa mbolea, imeshikwa na oksijeni nne nne ndani ya madini ya apataiti; na naitrojeni kidogo iliyomo miambani hukaa kama amoniamu ndani ya ulanga, ikijifanya potasiamu. Katika eklojaiti za Ubende wote wawili waliteremshwa pamoja, wakapandishwa pamoja, wala hawakugusana. Oksijeni haikuwapa nafasi. Hata katika vimondo vya chuma, kama hicho kilicholala Mbozi, ambako oksijeni ni adimu, fosforasi humfuata chuma na nikeli kabla ya kumfikiria naitrojeni. Nitridi za fosforasi basi ni mawe ambayo hakuna mlima uliowahi kuyazaa, na kila punje yake iliyopo imepitia mkono wa mtu.

Na punje hizo ni chache kiasi cha kuchekesha. Alfa ya kawaida huweza kuundwa kwa magramu, nayo imepata kazi katika taa na katika vitu vya kuzuia moto. Gama hutoka kwa miligramu. Alfa yenye alama, ile isiyostahili kuwapo, ni vumbi lililobaki baina ya almasi mbili, dogo kuliko chembe ya unga inayoning'inia kwenye ukope wa mtu atokaye mashineni kusaga. Mitambo ya kawaida ya fuawe nyingi, inayotoa vipande vya kushikika, hufika gigapaskali 25 hivi; delta, mzazi wa vumbi lile, huanzia 72. Atakayetaka kulipima vumbi hilo kwa ugumu, kwa rangi na kwa uvumilivu wake mbele ya maji na moto, sharti kwanza apate njia ya kulitengeneza kwa wingi pasipo kupitia kwa mzazi wake, pengine kwa kuanza na kiwanja kingine ambacho tayari kimepindika nusu ya njia. Kwa mitambo hiyo ya kawaida, baina ya 25 na 72 hakuna daraja.